Jibu lililotangulia swali

Barua za mradi wetu zimehama wiki hii. Ni barua pepe zote ambazo watengenezaji wa programu yetu huria, ile ya kuhesabu dawa za vituo vya afya, wameandikiana tangu ianze: wengi wetu hapa Lubumbashi, baadhi Kinshasa, wawili watatu Ubelgiji. Aliyekuwa akiilipia mashine ya zamani zilimokaa alisema hataendelea tena. Haki yake, amelipa miaka mingi bila kuombwa.

Msimbo wa programu haukunipa wasiwasi. Kila aliyeuvuta kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, anao wote na historia yake. Lakini barua zilikuwa na nakala moja tu, na sababu za maamuzi yetu zimo humo. Msimbo utakuonyesha kwamba vidonge huhesabiwa kwa pakiti. Kwa nini tulikataa kuhesabu kimoja kimoja, na muuguzi gani wa Katuba alitushinda kwa hoja, hayo utayapata kwenye barua.

Zote zilikuwa katika faili moja refu la maandishi matupu, mpangilio uitwao mbox. Barua moja ikiisha, mstari unaoanza na "From" na nafasi hutangaza inayofuata. Kwa hiyo mtu akianza mstari wa Kiingereza kwa neno hilo, programu ya barua humbandikia alama ya > mbele, isije ikadhaniwa ni barua mpya. Barua za Kiswahili hazikuguswa na jambo hilo hata kidogo. Za Kifaransa nazo ziliponea hapo, zikaja kunaswa kwenye herufi. Katika Latin-1, kanuni ya zamani ya kuandika herufi kwa namba za kompyuta, é ni baiti moja. Katika UTF-8, kanuni ya baadaye waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ni baiti mbili. Zisome hizo mbili kwa kanuni ya zamani, na Désiré anakuwa DÃ©sirÃ©. Kuna barua zilizopatwa na hayo mara mbili, jina la mtu likawa kichaka. Kiswahili chetu hakina alama juu ya herufi, kikavuka mpaka bila kuombwa karatasi.

Hapo ndipo tulipobishana. Wengine walitaka tusafishe kila kitu kabla ya kuhamisha: majina yaliyoharibika, mistari iliyonukuliwa mara tano, hata tahajia. Mimi nilikataa, na nilikuwa na mfano wa hapa nyumbani. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, aliandika historia ya mji huu ulipoitwa Elisabethville, kwa Kiswahili cha hapa hapa. Maneno humo yameungana ambapo hukutarajia na yamekatika ambapo hukutaka. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia, alipoichapisha mwaka 1990, maandishi ya asili yalibaki kama yalivyo, na usomaji wa Kalundi Mango, mtu anayekijua Kiswahili hicho, ukawekwa pamoja nayo. Angeisahihisha juu kwa juu, leo tusingejua lipi la Yav na lipi la msahihishaji.

Basi tumefanya hivyo hivyo. Faili la asili limehifadhiwa bila kuguswa, na tumelikokotolea alama ya SHA-256, ili hata baiti moja ikibadilika ijulikane. Usafi wote umefanywa kwenye nakala.

Kwenye nakala hiyo kijana tunayefanya naye kazi aliniita, kama mtu anavyomwita mkubwa wake huku kwetu: "Yaya, namna gani jibu inafika mbele ya swali?" Kweli. Swali la Lubumbashi limeandikwa 10:05, jibu la Kinshasa 9:20 siku ile ile. Nchi yetu ina majira mawili, sisi tuko saa moja mbele yao, na programu ya kuhamishia ilikuwa inasoma saa bila kusoma alama za majira, +0200 na +0100, zilizo pembeni yake. Jibu lilikuja robo saa baada ya swali, kwa haraka ya kupendeza. Lakini nani angejua, miaka kumi ijayo, kwamba ndugu zetu wa Kinshasa si manabii?

Mpangilio wa mazungumzo usitegemee saa, na haukukusudiwa kuitegemea. Kila barua ina kitambulisho chake, Message-ID, na jibu linapaswa kutaja kitambulisho cha barua linayoijibu. Mambo hayo yamo katika RFC 822, waraka wa kanuni za barua pepe wa mwaka 1982. Shida ni watu. Kuna mmoja, fundi hodari sana, ambaye hakuwahi kubonyeza kitufe cha kujibu: kila mara aliandika barua mpya na kuanza na "Kama nilivyosema". Za kwake tumeziunganisha kwa mkono, jioni baada ya jioni, koranti, yaani umeme, ilipokuwepo.

Kitambulisho hicho kimetufaa kwa jambo lingine. Gmane, hifadhi kubwa ya barua za miradi huria, ilipopoteza tovuti yake mwaka 2016, barua zenyewe hazikufa, ila viungo vilivyoelekeza kwao kutoka kila pembe viliacha kufanya kazi. Sisi sasa tunataja barua kwa Message-ID yake, si kwa anwani ya mashine. Mashine itabadilika tena, pengine kabla sijazeeka.

Namba za simu tumezificha kwenye nakala ya umma. Watu walikuwa wakiziweka chini ya sahihi zao bila wasiwasi, enzi ambazo barua ilisomwa na watu ishirini. Mmoja alilalamika kwamba yake ameiweka ili apigiwe. Tumemrudishia.

Vimebaki viambatisho: picha za skrini, faili za .doc, na zip moja yenye nywila ambayo kila mtu anasema mwenzake ndiye anayeijua. Barua tatu zina tarehe ya 1 Januari 1970, kazi ya kompyuta iliyopoteza saa yake, na zimekaa juu kabisa ya orodha, kabla ya mradi wenyewe na kabla ya waliouanzisha kuzaliwa. Kijana anataka kuzishusha. Nimemwambia ashushe kwenye nakala, aandike pembeni kwamba ameshusha.