Kitanda cha mtoto kimeondoka

Hatimaye nimeuza kile kitanda cha mtoto nilichoweka kwenye status juzi.

Niliandika dola 40. Watu hata jambo hawasemi: "Bei ya mwisho?" Mmoja akatoa 10. Kumi! Mbao ya libuyu hiyo, jameni.

Leo mchana akafika mama mmoja kutoka Kadutu, tumbo limeshakuwa kubwa. Tukapatana 35.

Noti ya 20 ilikuwa na mpasuko pembeni, mdogo kama ukucha. Mnajua dola ya namna hiyo hapa Bukavu. Hata muuza makala ya kupikia anakurudishia.

Akaona nimeuona. Akanyamaza, kidole kinapitapita kwenye alama za meno ya mwanangu pale ubaoni.

Nikaipokea. (Baba watoto bado hajui.)

Ninyi mngeikataa? Na nani anamjua mwenye kubadilisha dola pale Nyawera, mwenye huruma kidogo?