Jioni Shaba Aliposimama

Shaba alikuwa na miezi 14 aliponiponyoka. Ni Vizsla, mbwa wa kuwinda wa Hungaria, rangi ya kutu mwili mzima, hata pua haina weusi. Tulimchukua kwa kuwa watoto walimpenda, basi. Hatukujiuliza mbwa ambaye asili yake ni kuzunguka mashambani kutwa na mwindaji atafanya nini sebuleni. Akafanya alichoweza: alitafuna miguu ya meza, akafukua bustani, na nikiingia bafuni alilia mlangoni mpaka nitoke.

Jioni ile nilikuwa naye pamoja na binti yangu kwenye uwanja wenye nyasi ndefu. Upepo ulibadilika, akainua kichwa, akavuta mara moja tu, na kamba ikanitoka mkononi. Niliita hadi sauti ikakauka. Niliwaza barabara, niliwaza magari, na zaidi ya yote nilikumbuka nilivyomfokea asubuhi kwa sababu ya kiatu. Binti yangu alikuwa analia kimyakimya, ameikumbatia chupa ya maji ya Shaba.

"Mama, yule pale."

Alikuwa amesimama wima, mguu mmoja wa mbele ameukunja, mkia umenyooka, pua imeelekea kichakani. Nilimwendea taratibu, nikamwekea mkono ubavuni. Manyoya yake ni mafupi, kwa hiyo nilisikia kila kitu: moyo ukidunda, misuli ikitetemeka kwa ndani, lakini miguu haikusogea hata kidogo. Alinitupia jicho mara moja, akarudi kuangalia kichaka. Kumbe wakati wote nilipokuwa nahangaika kumwita, yeye alikuwa ananingoja mimi. Kazi yake ilikuwa kutafuta, na alikuwa ameshatafuta. Iliyobaki ilikuwa yangu.

Nikaikanyaga kamba, nikapiga hatua moja. Kwale wawili wakaruka kwa kishindo, Shaba akachupa, kamba ikamrudisha. Akageuka kunitazama, masikio yakining'inia, ulimi nje, anasubiri neno.

"Umewapata, baba. Umewapata."

Nilipiga magoti nyasini nikamkumbatia, na binti yangu akaja akatukumbatia wote wawili.

Usiku huo alilala bila kutafuna chochote. Asubuhi nilimkuta binti yangu ameficha soksi yake nyuma ya kabati, anamwambia Shaba, "Haya, tafuta!"