Mbuzi Imefika au Mbuzi Amefika?

Nilipowaambia watu wa nyumbani naenda Nairobi kusoma masta ya Kiswahili babangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wee watoka Mombasa, waenda bara kusomeshwa Kiswahili?" Akawaita na majirani waje wasikie. Shangazi yangu akasema ni sawa na mtu wa Lamu kufunga safari mpaka Machakos kutafuta samaki. Mwengine akauliza si kuna chuo pale Kilifi, mbona usiende hapo ukarudi nyumbani jioni, na swali lilikuwa la maana kusema kweli, jawabu yake ni kwamba skolaship niliyoipata ilikuwa ya Nairobi na skolaship huchagui kama maembe.

Lakini mimi nilichekwa kidogo tu. Mume wangu ndiye aliyekiona. Tulikuwa tumeoana miezi minne, yeye kazi yake ni kudizaini vitu kwa kompyuta kwa hivyo anaweza kukaa popote penye intaneti, akasema basi twende sote. Kule barazani wakamuuliza, "Kwani ni wewe ulooa ama ni wewe uloolewa?" Akawaambia vyovyote, mradi kula nakula. Mpaka leo wakimpigia simu wanamwita bibi harusi.

Tulipanda treni ya SGR mwezi wa Julai. Kama hujawahi, pale Miritini kabla ya kuingia mizigo yote inapangwa chini kwa mstari, nyinyi mnasogea kando, mbwa anapita ananusa begi moja moja. Mamangu alikuwa amenipa mbuzi. Si mbuzi wa kula, mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja, kiti cha mbao kimekuwa cheusi kwa kukaliwa, ulimi wa chuma wenye meno umeliwa upande mmoja kwa sababu bibiyangu alikuwa akikuna kwa mkono wa kushoto na kila aliyeirithi imebidi ajifunze kukuna kishoto. Kitu chenye makali hakiingii kwa treni, tukaambiwa tuirudishe. Mamangu akabaki nayo pale nje ameikumbatia kama mtoto. Nililia kwa sababu ya ile picha, mume wangu akadhani nalilia Mombasa.

Nairobi sasa. Wiki ya kwanza ilikuwa ya nyumba na sitaisimulia yote. Kuna watu kazi yao ni kukuonyesha nyumba na kabla hujaiona unalipa, sisi mmoja alichukua 500 akatupeleka mpaka mlango fulani, akagonga, akatoka mtu amefunga taulo, yuko kwake, analipa kodi yake, hajui chochote kuhusu kuhama. Yule jamaa akatuambia "hii itakuwa wazi soon" na akashuka ngazi mbio, hatukumuona tena. Mwishowe tukapata bedsita Ngara, ghorofa ya tano, ngazi tu. Tungeweza kupata kubwa kwa pesa hizo hizo huko mbali, Roysambu ama Rongai, lakini nilipiga hesabu ya nauli na ya masaa ya foleni nikaona bora chumba kimoja nitembee. Maji yanakuja siku mbili kwa wiki. Hilo halikutushtua, mtu wa Mombasa amezaliwa akiona mitungi, tofauti ni kwamba kule mkokoteni unakuletea mlangoni na huku kuna ghorofa tano kati yako na mtungi.

Baridi ndiyo hakuna aliyetuambia ikaeleweka. Wanasema "beba sweta". Sweta! Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na jina lenyewe limetoka kwa Kimaasai, maji baridi, yaani tulionywa toka mwanzo hatukusikia. Mume wangu alikaa Julai nzima na Agosti ndani ya nyumba amevaa kikoi chini, jaketi la Gikomba juu, soksi mbili mbili. Na mbaazi hazikuwa zikiiva. Mimi nimepika mbaazi toka nina miaka tisa, nikaziloweka usiku kucha, nikaziweka asubuhi, saa sita mchana bado zinagonga kama kokoto na gesi inaisha. Nikalaumu mbaazi za bara. Mume wangu akaenda akasoma akaja na jibu: kwa sababu ya urefu huu maji yanachemka yakifika kama digrii 94 badala ya 100, kwa hivyo unaona yanatokota lakini moto wenyewe wa kuivisha ni mdogo. Tukanunua presha kuka. Ndiyo fanicha yetu ya kwanza, kabla ya kitanda.

Darasa zetu ni za jioni, saa kumi na moja na nusu mpaka saa mbili na nusu, kwa sababu nusu ya wanafunzi ni walimu wa sekondari na wanakuja na vumbi la chaki. Kwenda natembea mwenyewe, Ngara, raundabauti ya Globe, napanda hadi University Way, hakuna shida. Kurudi usiku ndiyo haifai, basi mume wangu anakuja kunichukua. Kila jioni namkuta kasimama ng'ambo ya geti na jaketi langu mkononi. Tunanunua smoki pasua mbili, zile soseji za kupasuliwa zikatiwa kachumbari, tunakula tukitembea kwenye watu wengi, na hapo ndipo tunapoongea mambo yetu yote, ya pesa, ya mama zetu, kila kitu, maana nyumbani ukikaa mmoja yuko kitandani na mwengine yuko kwa sufuria, hakuna mahali pa kukaa muangaliane.

Sasa Kiswahili. Nilikuja na kiburi, nakubali. Siku ya kwanza makanga wa matatu aliniambia "mathe, sonjoa, tao ni chwani", yaani mama sogea, mjini ni hamsini, nikasimama pale na elimu yangu yote. Ishirini ni mbao, hamsini ni chwani ama finje inategemea umekutana na nani, mia ni soo. Nikimwambia mama mboga "naomba unikatie sukuma za shilingi ishirini tafadhali" anaacha kisu, anatabasamu, "wewe ni wa Coast eeh? Hebu ongea tena." Anamuita na wa nyanya. Sukuma zangu zinachelewa kwa sababu watu wanasikiliza redio. Na nakuahidi ile "tafadhali" inaniongezea bei, nimemtuma mume wangu akaseme "ya mbao siz" akarudi na fungu kubwa kuliko langu.

Halafu darasani nikafikiri hapo ndipo nitakapolipiza. Insha ya kwanza imerudi na wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika "yuwaja", yaani anakuja, mwalimu ameizungushia duara ameandika: lahaja. Lahaja! Nyumbani kwetu hiyo ndiyo lugha. Aliyepata alama ya juu ni mwalimu mmoja kutoka Kakamega, Kiswahili chake kimenyooka kama rula, na tukitoka nje anaongea "hii kitu imenisumbua" kama wote. Wiki hiyo hiyo tukasomeshwa kile kikao cha 1928, ambapo waliamua Kiswahili sanifu kitokane na Kiunguja cha Zanzibar, si Kimvita chetu cha Mombasa, na kikao kilifanyika wapi? Mombasa. Walikuja kwetu, nafikiri na chai walikunywa, na wakatuacha. Nilimsimulia mume wangu hii njia nzima kutoka Globe mpaka Ngara kama jambo lililotokea juzi.

Basi turudi kwa mbuzi.

Mwezi wa Oktoba mamangu akaona haiwezekani, mwanawe anakunywa tui la pakiti (ambalo kwa maoni yangu ni maji yaliyopita karibu na nazi), akaitia mbuzi kwa gunia pamoja na nazi kumi akaituma kwa basi la usiku mpaka River Road. Mume wangu siku hiyo alikuwa na mtu wa kazi Westlands, akamlipa jamaa wa boda aichukue aipeleke nyumbani amwachie keateka, yule mtunza ploti yetu. Mimi niko darasani. Mapumziko nikampigia keateka.

"Boss, habari ya jioni. Samahani, mbuzi yangu imefika?"

Kimya. "Mbuzi gani madam?"

"Mbuzi yangu, ya kutoka Mombasa. Imeletwa na boda."

"Na boda?"

"Eeh, iko kwa gunia."

"Kwa gunia! Si itakufa?"

Nikadhani ananiuliza kama ni imara. "Haifi hiyo, ni ya zamani sana. Bibiyangu alikuwa nayo kabla mimi sijazaliwa."

Kimya kirefu. Kisha kwa sauti ya chini, "Madam, hii ploti landlodi hataki mifugo. Hata kuku. Ni ya ile sikukuu yenu?"

Laini mbovu, kelele za watu kwenye korido, mwalimu ashaingia, nikasikia "sikukuu" tu nikaona anapiga stori. Nikamwambia, "Wewe iweke hapo chini ya ngazi tu, nikija ntaikalia usiku huu huu." Nikakata.

Saa mbili na nusu natoka, namkuta mume wangu ana sura ya mtu aliyepigiwa simu na landlodi, na ni kweli alikuwa amepigiwa. Landlodi amemwambia kwa heshima kwamba yeye hana ubaya na dini ya mtu lakini kuchinja ni chini, si ghorofa ya tano, kwa sababu ya mabomba. Mume wangu, ambaye hajui kitu, amejibu "sawa mzee, asante." Tulifika nyumbani mbio hata smoki hatukununua. Getini yuko keateka, soja, na kijana mmoja wa pale kwa bucha ambaye ameletwa kama mtaalamu, wana kamba. Keateka amekaa juu ya kitu anasubiri mbuzi. Kitu chenyewe ni gunia langu. Limekuja toka saa tisa, akasikia nazi zikigongana ndani akajua ni nazi, akalikalia.

"Madam, mbuzi haijakuja bado," akaniambia. "Lakini ikija, matumbo niachie. Nitengeneze mutura."

Nilifungua gunia nikaikunjua pale pale kwenye taa ya geti nikaikalia, nikawaonyesha. Yule kijana wa bucha ndiye alicheka wa kwanza. Soja akaigusa meno kwa kidole akasema "hii ndio mbuzi?" kama mtu aliyeibiwa.

Sasa angalia kilichotokea hapo, maana sikulala. Kwetu mimi nikisema "imefika" nishamaliza, hakuna mtu Mombasa atakayefikiria mnyama, mnyama angekuwa "amefika". Ile herufi moja ndiyo inabeba mbuzi. Lakini keateka wetu kwake mtoto inalia, gari imekuja, polisi imeshika mtu, mbuzi imefika, kila kitu kinapanda basi moja, kwa hivyo mimi nilidhani nimemwambia na yeye hakuambiwa kitu. Na si kwamba hajui, ukimkalisha kwa mtihani wa ngeli ataandika "mbuzi wamefika" vizuri tu, alisoma shule kama mimi. Ni kwamba hapa mjini hiyo "i" ameipa kazi nyingine, na watu milioni kadhaa wanaelewana nayo kila siku bila kuchinja kitu kwa makosa. Nilipokuja ningesema ni uvivu. Sai nasema sijui kama ni uvivu, ni lugha ya watu wenye mama tofauti wanaokutana kwa stejini na kila mmoja ana haraka. Lakini inauma, siwezi kudanganya. Nikisikia "watu iko" kuna kitu kinanichoma hapa chini ya mbavu.

Nilimsimulia mwalimu wangu. Mpango wangu ulikuwa kuandika tasnifu ya mashairi ya kale ya Mombasa, nishakusanya vitabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka, halafu akanyamaza, halafu akasema mashairi hayaendi popote, nenda Marikiti na daftari. (Nao wana Marikiti yao huku, Wakulima Market, siku nilipolisikia hilo jina mtu akilitamka kwa matatu nusura nimkumbatie.) Kwa hivyo sasa Jumamosi nakaa kwa wauza viazi naandika nani anasema "i" na nani anasema "a", mume wangu anabeba mfuko. Yeye ashakubalika zaidi yangu, anasema "niaje" kwa keateka na keateka, kwa kunichokoza mimi tu, ananiuliza kila asubuhi, "Madam, mbuzi ameamka?"

Juzi mamangu akapiga. Tulikuwa ndani ya matatu, mvua, nauli imepanda mara mbili, kelele, akaniuliza mbona huko kelele, nikamjibu bila kufikiri, "Mama ntakupigia, gari imejaa, watu iko wengi."

Akanyamaza. Nikasikia akiita ndani ya nyumba, kwa sauti ile ya kuita mtu aje aone nyoka, "Baba Mtu! Njoo! Njoo usikize mwanao anayesomea Kiswahili."