Mpiga debe asiyepanda gari: siku yangu moja Buguruni

Saa 11:10 alfajiri

Sijanawa uso, simu iko mkononi. Mdogo wangu, ambaye tunalala naye chumba kimoja, anageukia ukutani na kunung'unika: "Dada, ushaanza na masimu yako." Nyumbani kazi yangu haina jina lingine. Mama huwaambia majirani zetu wa Kimara kwamba mwanawe "yuko kwenye mitandao", kwa sauti ile ile ambayo mtu angesema mwanawe yuko wodini.

Basi nieleze. Nimeajiriwa kwenye duka la mabati na vifaa vya ujenzi, Buguruni. Duka lina tovuti, tovuti ina blogu, na makala za blogu naandika mimi. Lakini kuandika ni kazi ya siku moja. Makala ikishapanda inakaa pale kama daladala iliyowashwa injini stendi bila abiria, mpaka mtu asimame pembeni aite: Buguruni Buguruni, siti zipo! Huyo ndiye mimi. Gari likijaa linaondoka, mpiga debe anabaki na vumbi lake.

Stetasi ya jana usiku wameiona watu 140. Waliogusa linki ni 9. Nimeshaona mbaya zaidi.

Saa 12:25

Mwendokasi hadi Ubungo, nimesimama kwa mguu mmoja, kisha daladala ya barabara ya Mandela. Nina umbea mmoja wa kikazi: nachungulia simu za watu. Sisomi meseji zao, naangalia kidole gumba. Kinasukuma juu, juu, juu, kinapita matangazo yote yenye nembo na maandishi ya dhahabu, halafu kinasimama kwenye picha ya kawaida ya mtu ameshika kitu. Na ukurasa usiofunguka kati ya Riverside na External hakuna anayeusubiri. Nilipoanza kazi hii, picha za tovuti yetu zilipandishwa zikiwa kama zilivyotoka kwenye kamera ya simu, MB 4 kila moja. Mteja anatumia bando lake kuangalia kofia ya bati, ile ya kufunika kilele cha paa! Sasa hakuna picha ninayoipandisha kabla sijaishusha chini ya KB 100.

Saa 2 asubuhi

Chai ya rangi, chapati mbili, laptopu. Nafungua Search Console ya Google, inayoonyesha watu waliandika maneno gani hadi kurasa zetu zikatokea, na wangapi walibofya. Takwimu zake huchelewa siku moja mbili, kwa hiyo kila asubuhi nasoma habari za juzi, kama gazeti lililofungiwa maandazi. Lakini ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu pale watu hawajidai. Wanaandika "bei ya bati geji 28" (geji ni kipimo cha unene wa bati). Wanaandika "bati za msauzi bei". Wanaandika "nyumba vyumba vitatu bati ngapi". Tangu niajiriwe sijaona hata mtu mmoja aliyeandika "suluhisho bora la kuezeka". Hilo neno tunalo sisi wauzaji tu.

Makala ya kupigia debe leo si mpya. Niliiandika mwezi wa kumi, vuli ikikaribia: geji 28 au geji 30, nyumba yako inahitaji ipi? Sasa ni Februari, masika ni mwezi ujao, na kila mwenye paa linalovuja ameanza kuhesabu hela. Makala kama hiyo haifi, inasubiri msimu wake. Nimebadilisha bei, nimeongeza aya moja juu ya misumari, na leo nataka picha mpya.

Saa 3 hivi

Ghalani. Makuli wananiita Dada Mtandao. "Dada Mtandao, leo unampiga picha nani?" Bati.

Kitu ambacho wateja wengi hukosea ni hiki: namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30. Watu wanakuja wakidhani 30 ni bora kwa sababu ni namba kubwa, na wapo wauzaji wanaowaacha hivyo hivyo na ujinga wao. Tatizo ni kwamba tofauti yenyewe haionekani kwenye picha. Nimepiga kingo za mabati mawili pamoja mara kumi na kitu, zote zinafanana. Mwishowe kuli mmoja, mzee wa makamo mwenye kidole gumba kama kipande cha mhogo, akaniambia, "Wewe dada unapoteza muda, subiri." Akabonyeza geji 30 katikati ya migongo miwili, likaingia ndani na kutoa mlio, to! Akabonyeza geji 28, likakaa kimya. Nikapiga video ya sekunde tisa. Kidole, to, kidole, kimya. Hiyo ndiyo kazi bora niliyofanya wiki hii na hata si wazo langu.

Kisha magrupu. Nina magrupu 22 ya WhatsApp: ya mafundi, ya wanaojenga Chanika, Kigamboni, Mbagala, Goba, ya vikoba, ya wazazi. Siingii na kutupa linki nikakimbia. Mtu wa hivyo tunamjua wote, na admini humtoa kabla hajafunga mlango. Kwanza natafuta swali lililoulizwa, nalijibu palepale, jibu zima, hata mtu asipofungua chochote awe ameshasaidika. Linki inakuja mwisho. Na kila linki naifungia mkia wake, maneno machache baada ya anwani, ili mgeni akifika nijue katoka grupu gani. Grupu moja lina sheria kwamba matangazo ni Alhamisi tu. Leo Jumanne, nimeruka. Heshima hiyo ndiyo inanifanya niwe bado ndani.

Kufikia saa 5 linki zilikuwa zimeshakaa kwenye magrupu 14.

Saa 5:20

Fundi wa Mbagala ananitumia sauti: "Dada, mbona nikigusa inaniambia ukurasa haupo?"

Nikadhani ni mtandao wake. Nikagusa mwenyewe. Ukurasa haupo.

Wa Chanika naye akaandika hivyo hivyo. Wa kikoba. Nikaingia ndani ya tovuti, makala haipo kwenye orodha. Mahali pake kuna nyingine, ya dakika arobaini zilizopita, yenye kichwa: "UBORA USIO NA KIFANI KWA WATEJA WETU WAPENDWA". Maneno ni yangu, aya kwa aya. Mtu ameyanakili, ameyabandika kwenye ukurasa mpya, na wangu ameufuta.

Nikashuka ngazi. Mzee, bosi wetu, yuko kwenye kiti chake cha plastiki anahesabu risiti.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Si tulisalimiana asubuhi?"

"Ndiyo, Mzee. Samahani, ile makala ya geji kuna mtu kaigusa?"

Akafurahi. Akasema ameisoma jana usiku, nzuri sana, ila kichwa cha habari hakina hadhi. "Geji 28 au geji 30, hicho ni kichwa cha habari au risiti?" Akampigia mpwa wake, anayesoma chuo na ndiye aliyetutengenezea tovuti, akamwambia arekebishe. Kijana akiwa anakimbilia kwenye mtihani akaona rahisi ni kubandika upya na kufuta ya zamani.

Sasa mtu wa nje atasema, si kichwa tu? Anwani ya ukurasa ule ilikuwa na miezi minne. Google ilikuwa imeshaijua, ukitafuta maneno yale tulikuwa tunatokea ukurasa wa kwanza. Mafundi walikuwa wamehifadhi linki yake. Magrupu 14 ya asubuhi yalikuwa yanaelekeza hapo. Kufuta anwani hiyo ni kama kuhamisha duka usiku bila kubandika hata karatasi mlangoni. Na mimi nina ruhusa ya kuandika tu. Ya kufufua kilichofutwa anayo kijana, na simu yake, kama inavyotakiwa kwenye chumba cha mtihani, imezimwa.

Nikajua programu yetu inaweka vilivyofutwa kapuni siku 30, kwa hiyo makala ipo. Ipo, naiona kwa macho ya moyo, siwezi kuigusa. Nikaanza kufuta meseji zangu kwenye magrupu, moja moja. Kumbe WhatsApp inaacha alama pale kwamba ujumbe umefutwa, na Mswahili akiona kitu kimefutwa halali. "Dada umefuta nini?" "Mbona umefuta?" "Tutumie inbox." Hiyo linki haikuwahi kutafutwa hivyo ilipokuwa nzima. Nikawa najibu, samahani kaka, samahani mama, kuna marekebisho, naileta mchana. Magrupu yote 14, wengine kwa sauti, mmoja akataka nimtumie bei ya saruji.

Nikarudi kwa Mzee kwa sababu tatizo la kichwa cha habari lilikuwa bado lipo. Kijana angerudisha makala, na yeye angeamuru tena. Nikamwomba simu yake.

"Mzee, tairi la pikapu si umesema limekwisha? Hebu litafute hapo Google."

Akavaa miwani. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, herufi kwa herufi: bei ya tairi la pikapu.

"Mbona hujaandika ubora usio na kifani wa tairi?"

Kimya. Muuza misumari kaunta aliinamia boksi akijifanya anatafuta kitu. Mzee akaangalia simu, akaniangalia mimi, akavua miwani.

"Binti, una maneno wewe."

"Samahani, Mzee."

"Rudisha geji zako. Lakini picha yangu iwepo."

Picha yake ipo. Amesimama mbele ya ghala na kanzu ya Ijumaa, KB 84.

Mchana

Wali maharage kwa mama lishe, nimekula huku natazama saa. Kijana alipatikana saa 8:40. Kufufua makala kulimchukua dakika tatu. Tatu! Akaniambia, "Dada si ungeniambia mapema." Sikumjibu, ana mitihani. Nikamwomba pia ule ukurasa wa ubora aufute na anwani yake ielekezwe kwenye makala ya zamani, kwa sababu Mzee alikuwa ameshaisambaza kwa ndugu zake wote mpaka Tanga.

Halafu magrupu 14 upya. Jibu, linki, mkia, kidole, to. Joto la ghorofa ya juu chini ya bati (ndiyo, geji 28, joto halijali) linakufanya uandike "karibu" mara tatu kwenye sentensi moja. Umeme ukakatika, ukarudi. Shemeji yake Mzee akapiga kunishauri ninunue wageni wa tovuti, kuna mtu anauza elfu kumi kwa bei ya kuku wawili. Nilishawaona wageni wa aina hiyo kwenye takwimu za kazi yangu ya zamani: wanaingia wote usiku mmoja, wanakaa sekunde sifuri, na hakuna hata mmoja anayejenga Chanika. Nikamwambia nitalifikiria, shemeji. Sijui ilikuwa saa ngapi hapo. Macho yalikuwa yanawasha.

Mzee akapita mlangoni. "Leo wangapi?" Nikamwambia wageni 163, kwa takwimu za mikia, ambazo hazichelewi. "Na walionunua?" Hilo ndilo swali lake la kila siku na ana haki ya kuliuliza, mabati hayauzwi kwa macho. Ila mtu anayesoma geji leo mara nyingi bado hajamaliza hata kenchi, zile mbao za kubebea paa. Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Jioni

Nimeshabeba mkoba, nipo chini kaunta, anaingia fundi na kofia ya vumbi, simu ina ufa kutoka kona hadi kona. Anamwonyesha muuzaji. Nikachungulia, umbea wangu ule. Ni makala yangu. Si linki, picha ya skrini, tena imetumwa mara nyingi hadi herufi zimefifia, aya ya "namba ikipanda bati linakuwa jembamba" imezungushiwa duara jekundu na mtu nisiyemjua.

"Nataka hii ya kimya," akasema. "Isiyosema to."

Akachukua 46, geji 28, na kofia zake. Pikapu ya mtu wake ilikuwa nje. Picha ya skrini haina mkia. Kwenye takwimu zangu yule fundi hayupo, hajawahi kufika, na kesho kutwa nikifungua gazeti langu la maandazi sitamwona.

"Huyo kaja mwenyewe," Mzee akasema, akipiga muhuri kwenye risiti.

Nikavuta daftari la madeni lililopo kaunta, nikafungua ukurasa wa nyuma kabisa, nikachora mstari na kuandika: Jumanne, 1, picha ya skrini, bati 46. Nikamwambia muuzaji kuanzia kesho kila mteja amuulize ametusikia wapi na aandike hapo. Akaniuliza, "Hata wa misumari nusu kilo?"

Hata wa misumari nusu kilo. Nikatoka kutafuta gari la Ubungo.