Nilivyosoma ukuta wa Ashwell kwa tochi

Safari ya kwanza nilirudi mikono mitupu. Nilikuwa nimesikia kwamba ndani ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria, kijijini Ashwell, mkoa wa Hertfordshire huko Uingereza, kuna maandishi ya watu walioishi wakati wa ile tauni kuu ya karne ya 14. Mnara wenyewe unauona ungali mbali njiani, mita 54 hivi, umewapita wenzake wote wa mkoa ule. Nikaingia, nikasimama mbele ya ukuta wake wa kaskazini, nikaumulika kwa simu. Jiwe jeupe na mikwaruzo, basi. Nikapiga picha kwa flashi, zikatoka nyeupe pee.

Kosa langu nililigundua kazini, wiki mbili baadaye. Mimi ni fundi lipu, kazi nimefundishwa Tanga na marehemu baba yangu mdogo. Tulikuwa tukimaliza chumba jioni, hunyanyua kandili akaibandika karibu na ukuta. "Mwanangu, ukuta haumulikwi usoni," huniambia. "Umulike ubavuni uone aibu zake." Na kweli, kila bonde la mwiko lilitoa kivuli chake. Miaka yote hiyo naijua mbinu, na kule Ashwell sikuikumbuka!

Nikarudi na tochi ndefu. Nikailaza kwenye ukuta bila kuusugua, mwanga ukielekea juu na kutambaa usoni mwa jiwe. Michoro ikajaa vivuli, herufi zikajitokeza moja moja. Nilikuwa nimeandaa nakala ya maneno ya Kilatini na maana yake daftarini, hivyo nikawa nalinganisha: M, halafu C mara tatu, halafu kumi mara tano. Ni hesabu: 1350. Mahali pengine wameandika kwamba tauni ya kwanza ilikuwa mwaka 1000, mara tatu mia, hamsini kasoro moja, yaani 1349. Baada ya 1350 yanafuata maneno mazito: mwaka wa kusikitisha, mkali, wa vurugu, waliosalia kushuhudia ni makapi ya watu. Mwishoni panatajwa upepo wa nguvu, Maurus akinguruma duniani, 1361. Hiyo ni dhoruba ya sikukuu ya Mtakatifu Maurus, Januari 15, ambayo kwa kalenda ya leo tungeiita 1362, maana Waingereza wa zamani walianza mwaka Machi 25. Neno "makapi" lilinikaa kooni. Mtu amezika majirani zake, kisha anajihesabu yeye na waliobaki kuwa pumba.

Chini kidogo kuna mchoro wa kanisa kubwa lenye mnara uliochongoka, unaodhaniwa kuwa St Paul's ya zamani ya London, ile iliyoteketea mwaka 1666.

Maandishi ni mengi pale kwa sababu ya jiwe lenyewe. Ni aina ya chaki ngumu, lakini si ngumu hasa, kisu kinaingia. Ndiyo maana nje mvua imelila vibaya, na ndiyo maana nawasihi wanaokwenda wasipitishe penseli wala chokaa juu ya herufi ili zionekane. Kila mpapaso unaondoa unga kidogo, na unga huo ndio historia. Mwanga wa ubavuni hauondoi kitu.

Niliyoyapenda kuliko yote hayako mnarani. Yako kwenye nguzo za ndani, na moja inasema kwa Kilatini kwamba pembe hazikuungwa sawasawa, kisha aliyeandika anatema mate! Kanisa lile lilijengwa kwa miongo mingi, tauni ikipita katikati, na nadhani mafundi wazuri walikuwa adimu. Mimi mwenyewe nimewahi kupokea nyumba ambayo fundi aliyenitangulia aliharibu pembe zote, nikakesha nikizinyoosha. Hasira ya mtu yule naijua ilivyo mdomoni.

Nikaanza kuzunguka nguzo na tochi yangu, nikifuata viungo vya mawe kimoja kimoja. Betri iliponiishia nilikuwa bado natafuta ni pembe ipi.