Pakiti Ngapi kwa Siku

Muuguzi alipiga simu asubuhi, mwaka 2022, nikiwa kwa wazazi wangu Manchester. Barua ilikuwa imetangulia: waliowahi kuvuta sigara, wa miaka 55 hadi 74, wapimwe mapafu hata kama hawaumwi. Baba alikuwa na 67. Kiingereza chake ni cha sokoni, basi nikaweka simu mezani kwa sauti ya juu, nikawa mkalimani.

"Baba, anauliza ulianza ukiwa na umri gani."

"Ishirini."

Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mwambie mtoto ukweli."

"Kumi na nne," Baba akasema, akiiangalia simu.

Likaja la pili: pakiti ngapi kwa siku?

"Pakiti? Nani alikuwa na hela ya pakiti?"

Alikuwa kuli bandarini Tanga, akinunua moja moja kibandani, akiwashia palepale. Nyingine walipokezana, huyu pafu mbili, yule pafu mbili. (Pafu! Lugha yetu nayo ina utani.) Huku Uingereza alisokota tumbaku mwenyewe. Muuguzi, Mungu ambariki, alisubiri tukihesabu kwa vidole: kabla ya chai, baada ya chai, kila meli inapotia nanga. Pakiti ni sigara 20. Tukakubaliana 15 kwa siku, miaka 38. Aliacha 2007, Uingereza ilipokataza kuvuta ndani ya baa na mikahawa. Hakuacha kwa ajili ya afya. Aliacha kwa sababu ya baridi ya nje.

Simu ilipokatwa Mama akasema, "Na zile za chooni?"

Baba akaenda kutawadha.

Kipimo kilifanyikia ndani ya lori, kwenye maegesho ya supamaketi, watu wakipita na mikokoteni ya viazi. Unalala, mikono juu ya kichwa, unabana pumzi; haifiki hata dakika. Majibu yalionyesha kinundu cha milimita 7, arudie baada ya miezi mitatu. Miezi ile mitatu Mama alipika kila alichokipenda Baba, bila kusema kwa nini. Kinundu hakikukua.

Lakini siku ile ya kwanza, mlangoni mwa lori, binti mmoja alikuwa akihakiki fomu. Akasoma: sigara 15 kwa siku, ni sawa? Nikafungua mdomo nitafsiri. Baba akanigusa bega, akamjibu mwenyewe kwa Kiingereza chake cha sokoni.

"Kumi na nane."