Nilivyohesabu wateja mlangoni kwa kamera moja, mdoli ukiwa kando

Kila niliyemuuliza alinishauri nitafute modeli kubwa zaidi ya kutambua watu kwenye video. Ushauri wa bure huo. YOLOv8n, ile ndogo kabisa katika modeli za YOLOv8 za kutambua vitu kwenye picha, iliwaona watu wa mlango huu wa duka la nguo vizuri tu. Niliibana kwenye aina namba 0, yaani mtu, ikaacha kuniletea viti na mikoba. Kazi ilikuwa kwenye kufuatilia na kuhesabu. Kufuatilia niliiachia ByteTrack, programu inayompa kila mtu namba yake na kumfuata nayo fremu hadi fremu, yaani picha moja moja za video.

Mwanzo nilichora mstari mmoja kizingitini na kufuata kitovu cha kisanduku ambacho modeli humchorea kila mtu. Jioni hesabu ilikaribia mara tatu ya watu halisi. Kurudisha video, nikamkuta kijana wa dukani kasimama mlangoni anachezea simu: nimemhesabu mara 11! Kisanduku hakitulii. Akiinua mkono kinanenepa, mtu akimpita mbele kinafupika, na kitovu kinarukaruka juu ya mstari. Basi nikahamia miguuni, katikati ya ukingo wa chini, nikachora mistari miwili iliyoachana hatua moja hivi. Namba ya mtu ikivuka mstari wa nje kisha wa ndani, mtu kaingia. Ikigusa mmoja na kurudi, naiacha. Ila kamera lazima ione miguu; meza ikiwekwa mbele, yote haya hayana maana.

Kosa la pili nililitaka mwenyewe. Kompyuta haina kadi ya picha, nikachakata fremu 3 kwa sekunde. ByteTrack huoanisha visanduku kwa vinavyolaliana, na mwenye haraka anakuwa ameshakiacha cha zamani. Anapewa namba mpya kati ya mistari, anapotea. Nilishusha ukubwa wa picha kutoka pikseli 640 hadi 416, nikapata fremu 8 kwa sekunde, zikatosha. Hapo track_buffer ya 30, yaani muda wa kuikumbuka namba ya mtu asiyeonekana, ni karibu sekunde 4, maana inahesabu fremu.

Mwingine akaniambia nipandishe kiwango cha uhakika (conf), ambacho kisanduku kilicho chini yake hutupwa, hadi 0.6. Usithubutu. ByteTrack huvitumia hata visanduku dhaifu kumshikilia mtu aliyezibwa nusu. Ukivitupa mapema, umeikata mguu. Acha conf kwenye 0.1.

Ukabaki mdoli wa kuonyeshea magauni, pembeni ya mlango. Modeli iliudhania mtu, na kila mteja aliyepita mbele yake walibadilishana namba. Nilishaanza kuandika programu ya kuuziba kwa rangi nyeusi, ndipo nikamuuliza mwenye duka kama mdoli unaweza kusogea hatua mbili. Akausogeza.